Nakala Usiyowahi Kuirudisha

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nashukuru kwa kunialika kuzungumzia nakala za akiba, yaani nakala za mafaili tunazoweka kando ili zituokoe kompyuta ikifa, na nawashukuru zaidi ninyi mliokuja na flashi na diski zenu kama mlivyoombwa. Tutazihitaji kabla hatujaachana.

Naanza na mama mmoja aliyeniletea kompyuta iliyogoma kuwaka. Alikuwa na biashara ndogo ya ushonaji, na humo ndimo alimoweka vipimo vya wateja, orodha ya wadaiwa na hesabu za miaka 6. Nilipoiwasha nikasikia diski inagonga, tk, tk, tk, mlio ambao fundi akiusikia moyo unamshuka. Nikampa pole. Akatabasamu, akafungua mkoba, akatoa flashi. "Usihangaike, fundi," akaniambia. "Mimi kila Ijumaa nanakili kila kitu humu."

Nilifurahi kweli. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Majina yote yalikuwepo: Wateja, Madeni, Hesabu. Lakini kila jina lilikuwa na kishale kidogo pembeni, na ukubwa wake ulikuwa kilobaiti 2. Zilikuwa njia za mkato. Kwa miaka 2, kila Ijumaa bila kukosa, alikuwa akiziburuta zile aikoni kutoka kwenye uso wa skrini na kuziweka kwenye flashi. Kilichosafiri hakikuwa daftari la hesabu. Kilikuwa kibao kinachosema daftari liko kule, kwenye diski ya kompyuta. Na diski ya kompyuta ndiyo hiyo iliyokuwa inagonga mezani.

Nawaomba mlishike jambo moja: mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa na nidhamu kuliko wengi wetu tuliomo humu. Alichokosa ni kitu kimoja tu. Kwa miaka 2 hakuwahi kuichomeka flashi ile kwenye kompyuta nyingine na kufungua hata faili moja. Angefanya hivyo Ijumaa ya kwanza, angejua ndani ya dakika 3. Mimi nami nilijilaumu, kwa sababu niliwahi kumhudumia kabla ya hapo, nikamuuliza kama anaweka nakala, akasema ndiyo, nikaridhika. Tangu siku hiyo swali langu limebadilika. Simuulizi mtu tena kama anaweka nakala. Namuuliza: mara ya mwisho umerudisha kitu kutoka kwenye nakala yako ilikuwa lini?

Msidhani hili ni tatizo la wasiojua kompyuta. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu kutoka kila pembe ya dunia, alikuwa akihangaika na hitilafu usiku. Akafuta folda ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa zao, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu; seva ni kompyuta inayozihudumia nyingine. Alishtuka mara moja akasitisha amri, lakini katika gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala zao. Walikuwa na njia 5 za kujikinga, na wao wenyewe walikiri hadharani kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kazi ya kunakili iliyopangwa kufanyika kila siku ilikuwa inashindwa, kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata. Mfumo ulikuwa unatuma barua pepe za kuwaonya. Barua hizo nazo zilikuwa zinakataliwa njiani.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, karibu saa 6 kabla ya ajali. Kazi ya hizo saa 6 ikapotea. Nawaheshimu kwa kueleza yote bila kuficha, kwa sababu wametufundisha sisi wengine jambo ambalo kampuni nyingi hulifunika. Nakala ya akiba inapokufa haitoi mlio. Diski inagonga, kompyuta inagoma, skrini inakuwa nyeusi, lakini nakala inakufa kimya, na siku utakayogundua ni ileile unayoihitaji.

Sasa najua wapo wanaojisemea moyoni, "Hayo hayanihusu, mambo yangu yako kwenye wingu," yaani kwenye seva za kampuni fulani kupitia intaneti. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Huduma nyingi za wingu tunazotumia kila siku kazi yake ya kwanza ni kusawazisha. Kilicho kwenye kompyuta kiwe hivyohivyo kwenye simu, na kiwe hivyohivyo kwenye seva. Ni kioo. Ukiandika sentensi mpya hapa, inaonekana kule. Ukifuta folda hapa, inafutika kule. Mtoto akifungua hati ya mkataba, akabonyeza ovyo na programu ikajihifadhi yenyewe, wingu litapokea huo uharibifu kwa uaminifu uleule. Ni kweli kuna pipa la taka. Kwenye Google Drive, kwa mfano, faili ulilolifuta hukaa humo siku 30, kisha huondolewa kabisa. Lakini nani hufungua hesabu za mwaka jana kila mwezi? Ukilifuta kwa bahati mbaya mwezi wa pili na ukalitafuta mwezi wa sita, pipa lilishamwagwa zamani. Kwa hiyo msiulize tu kama huduma inahifadhi mafaili. Ulizeni inahifadhi matoleo ya nyuma kwa muda gani, na je, mnaweza kurudi kwenye hali ya folda nzima ilivyokuwa tarehe fulani? Kama jibu ni hapana, mnacho kioo, na kioo kina faida yake, ila msikitegemee kwa kazi isiyo yake.

Mfano mkubwa wa kioo kilichovunjika ninaoujua ulitokea tarehe 27 Juni 2017. Virusi vilivyopewa jina la NotPetya viliingia kwenye kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk na kuzifuta ofisi baada ya ofisi, katika nchi mbalimbali. Maersk walikuwa na seva kama 150 za kutambua nani ni nani ndani ya mtandao wao. Bila seva hizo hakuna anayeweza kuingia popote. Kila seva ilikuwa nakala ya wenzake, na waliopanga mfumo huo waliona kwamba hiyo ni kinga ya kutosha: ikifa moja, zitabaki 149. Hawakufikiria siku ambayo zote zitakufa pamoja. Siku hiyo ilipofika, seva iliyopatikana hai ilikuwa moja tu, katika ofisi yao ya Ghana. Ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla virusi havijafika, hivyo mashine ilikuwa nje ya mtandao.

Intaneti ya ofisi ile ilikuwa na kasi ndogo mno kwa kuituma data Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya kwenda huko. Basi mmoja akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye ndiye aliyeifikisha Uingereza. Kampuni yenye meli katika kila bahari ilisimamishwa tena na diski moja iliyobebwa mkononi.

Watu wa programu wameanza kuiita nakala ya akiba chelezo. Nalipenda neno hilo, kwa sababu mabaharia walikuwa nalo kabla ya kompyuta kuzaliwa: ni kitu kinachoelea, ni boya. Chelezo hakina kazi kama kimefungwa kwenye chombo kwa namna ambayo chombo kikizama nacho kinazama. Diski yako ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana iko katika hali hiyo. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia havibagui, vinafunga kila diski vinayoiona, na nakala yako vinaiona. Kwa hiyo nakili, kisha chomoa. Kuichomoa ndiyo nusu ya kazi.

Tena isikae kwenye mkoba uleule wa laptopu. Mwizi hachambui. Moto nao hauchambui: tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kiliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza vyote kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale zilipokuwa data zenyewe.

Mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni inayojulikana sana sasa, ya tatu, mbili, moja: uwe na nakala 3 za kila kitu ukihesabu na ile unayoitumia, ziwe kwenye aina 2 za vifaa, na 1 iwe mahali pengine. Ni kanuni nzuri. Lakini kama nikilazimika kuchagua kwa ajili ya mtu wa nyumbani au mwenye biashara ya watu watatu, sitahangaika sana na ile mbili. Nitamwambia anunue diski 2 za nje zinazofanana. Moja inakaa kwake, nyingine inakaa kwa ndugu anayemwamini, na kila wiki zinabadilishana zamu. Akipitiwa wiki moja, bado ana ya wiki iliyotangulia. Flashi ni ya kubebea, msiifanye ghala.

Wingu liongezwe juu ya hapo kwa anayeweza, lakini apige hesabu kwanza. Gigabaiti 500 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni kama saa 111 za kupakia mfululizo, yaani zaidi ya siku 4 na nusu, na hapo hujakatikiwa hata mara moja. Siku ya kurejesha utazishusha kwa kasi gani? Kwa biashara, hizo ni siku za kufunga mlango.

Na hapo ndipo yalipo maswali mawili ambayo mwenye biashara anapaswa kuyajibu mwenyewe, asimwachie fundi. Kompyuta ikifa leo jioni, niko tayari kurudia kazi ya siku ngapi? Kama ni siku 1, basi nakala ya kila Ijumaa haikutoshi. La pili, naweza kukaa bila kompyuta kwa muda gani kabla wateja hawajaondoka? Jibu la kwanza linakupa ratiba. La pili linakuambia kama unahitaji mashine ya pili iliyo tayari.

Kuhusu programu za hesabu na mauzo, nasema neno moja lenye uzito. Msinakili faili lake wakati programu imefunguliwa. Inaandika huku nyinyi mnanakili, na mtapata faili lenye mwanzo wa saa nne na mwisho wa saa nne na dakika tano, ambalo huenda lisifunguke kabisa. Fungeni programu kwanza, au tumieni kitufe chake chenyewe cha kutengeneza nakala.

Sasa kuna jambo linaloniuma, na silioni likizungumzwa vya kutosha. Tunawahimiza watu waweke nywila kwenye nakala zao na kuzisimba, yaani kuzivuruga zisisomeke bila nywila, ili mwizi asizisome. Ni sahihi, hasa kama mna taarifa za wateja. Lakini usimbaji wa kweli hauna mlango wa nyuma. Ukiisimba nakala ya WhatsApp kwa ule ufunguo wa tarakimu 64 kisha ukaupoteza, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Niliwahi kuitwa na familia iliyofiwa na baba. Aliwaachia diski 2, zimepangwa vizuri, zimeandikwa tarehe kwa mkono wake. Zote zilikuwa zimefungwa. Picha za watoto wakiwa wachanga zilikuwa humo, na mikataba ya biashara ilikuwa humo. Tulijaribu kila neno ambalo mjane aliweza kulikumbuka. Sikuweza kuwasaidia, na sijaisahau sura ya binti yao mkubwa.

Andikeni nywila kwenye karatasi. Tieni kwenye bahasha, ifungeni, mpeni mtu mmoja mnayemwamini, na mwambieni ni ya nini. Karatasi haiingiliwi na virusi.

Majaribio yenyewe ni haya. Mara moja kila baada ya miezi 3, chukua diski yako ya akiba, ichomeke kwenye kompyuta ambayo si yako. Chagua faili la jana, na chagua lingine la miaka 3 iliyopita. Usitazame jina tu, lifungue. Isome hati mpaka mwisho, ikuze picha, icheze sauti. Mwenye biashara aongeze hili: mara moja kwa mwaka, rudisha hesabu zote kwenye mashine tupu huku umeshika saa, mpaka uweze kutoa risiti moja. Andika imechukua muda gani. Mara ya kwanza utakwama mahali, karibu kila mtu hukwama: programu ya kusakinisha haipo, namba ya leseni imesahaulika, au iko ndani ya barua pepe ambayo nywila yake iko ndani ya kompyuta iliyokufa. Ni heri ukwame siku hiyo, kukiwa na chai mezani na mashine yako nzima iko pembeni.

Sasa toeni flashi na diski zenu. Kompyuta hizi 4 hapa mbele ni tupu, hazina faili la mtu yeyote. Aje mmoja mmoja, achomeke, na kabla hajafungua chochote asome kwanza ukubwa wa mafaili. Akiona kilobaiti 2, asione haya, aniite.