Nchi Iliyofutwa Kwenye Ramani ya Kaskazini

Mabibi na mabwana, Visiwa vya Franz Josef viko kaskazini mwa Urusi, kwenye latitudo ya 80 na ushee. Ni visiwa zaidi ya 190, vingi vimefunikwa na barafu mwaka mzima, na havikuwa na wenyeji.

Walioutangazia ulimwengu habari zake hawakuwa wakivitafuta. Meli ya Austria-Hungaria, Admiral Tegetthoff, chini ya Karl Weyprecht na Julius Payer, ilinaswa na barafu Agosti 1872, ikachukuliwa nayo mwaka mzima. Tarehe 30 Agosti 1873 ukungu ulifunguka, wakaona milima.

Payer alivipima majira ya kuchipua ya 1874, akisafiri kwa sleji za kukokotwa, yaani vyombo vya kuteleza juu ya barafu. Aprili 12 alifika Rasi Fligely, kwenye kisiwa alichokipa jina la mwanamfalme Rudolf wa Austria-Hungaria. Ndiye Rudolf yuleyule ambaye mwaka 1888 msafiri Mhungaria, Teleki, alilibandika jina lake Ziwa Turkana. Ila ziwani walikuwapo watu, na majina yao.

Akiwa rasini, Payer aliona nchi mbili zaidi upande wa kaskazini. Akazichora, akaziita Petermann na Mfalme Oscar. Hazikuwapo.

Naomba tusimwite mwongo. Watu wale waliiacha meli mwezi Mei, wakakokota mashua juu ya barafu, na baada ya miezi miwili walikuwa kilomita kama 15 tu kutoka walikoanzia, kwa sababu upepo wa kusini ulikuwa ukiirudisha barafu nyuma. Ramani ilivuka salama pamoja nao, na makosa yake.

Mwaka 1895 Wanorwe wawili, Fridtjof Nansen na Hjalmar Johansen, walishuka kwa miguu kutoka kaskazini zaidi, mahali ambapo nchi ya Petermann ingepaswa kuwa. Hawakuiona. Lakini nao hawakujua walipo, maana saa zao zote mbili zilikuwa zimezimika kwa kusahau kuzitia ufunguo. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne. Saa ikikosea dakika nne, longitudo, yaani kipimo cha mahali kuelekea mashariki au magharibi, imekosea digrii nzima. Nansen alikisia saa, kisha akahangaika kuoanisha visiwa alivyoviona na ramani ya Payer, visikubali. Walipitisha majira ya baridi kwenye kibanda cha mawe na ngozi za walarasi, wanyama wakubwa wa baharini wenye pembe mbili ndefu, na Juni 1896, huko Rasi Flora, Nansen akakutana na Mwingereza Frederick Jackson. Tangu 1894 Jackson alikuwa akipima upya, na kule kulikochorwa nchi pana yeye alikuta visiwa vidogo na milangobahari.

Kwangu mimi, kazi hiyo ya kufuta ina heshima sawa na ya kugundua. Msafara wa Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, uliopiga kambi Kisiwa cha Rudolf mwaka 1899 hadi 1900, nao haukuiona nchi ya Petermann. Hata Nansen alisahihishwa: visiwa viwili alivyoviita Eva, jina la mkewe, na Liv, jina la binti yake, vilikutwa ni kisiwa kimoja. Ramani za leo zinakiita Eva-Liv.