Karatasi Ambayo Mwanamitindo Haionyeshi Jukwaani

Vijana wangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi mnataka kusikia habari za jukwaani. Niruhusuni nianze na karatasi.

Kazi ikiisha, wakala humpa mwanamitindo hesabu yake. Juu yameandikwa malipo ya mteja. Chini yanafuata makato: kamisheni, mara nyingi asilimia 20, kisha nauli ya ndege, kitanda katika chumba cha kulala wengi, picha za majaribio, kadi za kumtambulisha kwa wateja. Mstari wa mwisho waweza kuonyesha kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Nimekaa na binti akiusoma mstari huo mara tatu, kidole juu ya tarakimu, na wiki hiyohiyo sura yake ilikuwa kwenye jarida.

Jarida lenyewe hulipa kidogo mno. Linakupa jina, basi. Fedha ziko kwenye matangazo, kwenye katalogi, na kwenye kazi isiyopigiwa makofi: kujaribishiwa nguo kabla hazijashonwa kwa wingi. Anayeifanya hahitaji umaarufu, ila vipimo vyake vilingane na saizi ya kampuni. Anasimama, pini zimemzunguka kiunoni, fundi anauliza: "Kwapani panabana? Kaa. Inua mkono." Analipwa kwa saa, na vipimo visipobadilika anaweza kuitwa miaka na miaka. Naiheshimu kazi hiyo kuliko majukwaa yote ya Paris na Milan.

Kuhusu kujikondesha: tangu 2017, Ufaransa inamtaka mwanamitindo awe na cheti cha daktari kwamba afya yake inamruhusu kufanya kazi, na kwamba hajakonda kupita kiasi. Hilo lilipiganiwa kwa sababu watu waliugua, na wengine walikufa.

New York nako, sheria iliyoanza kutumika Juni 2025 imezuia kamisheni kuvuka asilimia 20, na wakala haruhusiwi kudai ada ya kujiunga. Popote ulipo, mtu akikuomba pesa ili akusajili, ondoka. Sheria hiyo pia inadai idhini yako ya maandishi kabla sura yako haijanakiliwa kidijitali, maana nakala hiyo yaweza kuvalishwa nguo mpya kila siku wewe ukiwa nyumbani bila senti.

Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza: picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na zikitumika tena nalipwa nini? Nimekuja na mfano wa mkataba. Sogezeni viti, tuusome kifungu kwa kifungu.