Nakshi za Vidole kwenye Chanta: Mhadhara kwa Wanaoanza Zumari ya Uskoti

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie nakshi, yaani zile noti fupi mno zinazochomoza kati ya noti za wimbo mtu anapopiga zumari ya Uskoti, ile yenye mfuko kwapani. Naona mmekuja na chanta zenu za mazoezi, yaani yale mabomba yenye matundu ya vidole. Ziwekeni chini kwanza, maana zikishaanza kulia hatutasikilizana. [Kicheko.]

Tuanze na tatizo lenyewe. Mpiga filimbi akitaka kurudia noti, anakata pumzi kwa ulimi. Mwenye zumari ya mfuko hawezi. Upepo unatoka mfukoni, mdomo uko mbali, na sauti ikishaanza haikatiki mpaka wimbo uishe. Wala huwezi kukazia pigo kwa kupuliza zaidi. Utaharibu tu mlingano wa sauti. Kwa hiyo A ya chini tatu zikifuatana ni A moja ndefu. Kilichobaki ni vidole. Ukipenyeza noti ya juu, fupi kiasi kwamba sikio linapata mkato tu bila kuitambua noti yenyewe, A moja inakuwa mbili. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema jifunze wimbo kwanza, nakshi utaongeza baadaye. Ukiondoa nakshi, mapigo ya wimbo yanapotea.

Kwenye chanta ya mazoezi kuna kishawishi: unaipuliza kwa mdomo, hivyo ulimi unaweza kukusaidia kukata. Usiuruhusu. Siku utakapohamia kwenye mfuko, msaada huo haupo.

Sasa shikeni. Matundu ya vidole ni manane, saba mbele na moja nyuma, na noti ni tisa, kuanzia G ya chini hadi A ya juu. Mkono wa kushoto unakaa juu. Vidole vya kulia vilale bapa, vizibe kwa pingili za kati, si kwa ncha. Zibeni yote isipokuwa tundu la kidole cha mwisho cha kulia. Hiyo ndiyo A ya chini.

[Anapuliza.]

Nakshi ya G, yaani G ya juu: inua kidole cha shahada cha kushoto, urudishe. Nakshi ya D: cha shahada cha kulia. Nakshi ya E: cha pete cha kushoto. A, kisha G, D, E, moja kwa kila pigo la metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, mapigo 60 kwa dakika. Wimbo uwe polepole, lakini nakshi yenyewe iwe ya haraka vilevile. Hapa wengi huchanganya: wakipunguza mwendo wanarefusha na nakshi, nayo inageuka kuwa noti kamili. Kidole kisiruke juu sana. Kipae kidogo tu na kurudi.

Hatua ya pili ni nakshi mbilimbili. Ukifika kwenye B unapiga G, halafu D juu ya B ileile. A ya chini na C ni hivyohivyo. Kwenye D mambo yanabadilika, kwa sababu katika nakshi hizi noti inayokata lazima iwe juu ya noti inayokatwa: unapiga G, kisha E. Kwenye E ni G, kisha F. Kwenye F ni G mara mbili. Ukishaelewa sababu hiyo, huna haja ya kukariri jedwali.

Jihadharini pia na noti haramu. Kutoka D kwenda E, kidole cha pete cha kushoto kinapanda wakati vidole vya kulia vinashuka. Vya kulia vikiwahi, A ya chini inapenya katikati, na msikilizaji yeyote mzoefu ataisikia.

Wazee wa Uskoti walifundisha haya kwa mdomo, kwa mfumo uitwao canntaireachd, ambamo kila noti na nakshi yake ina silabi ya kuimbwa. Hati ya Colin Campbell ya mwaka 1797 imehifadhi nyimbo kwa silabi hizo. Nami nawashauri: imba kwanza, vidole vifuate.

Kuhusu chombo, plastiki inatosha. Zile za mbao aghalabu ni za mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji, kwa hiyo pengine kijiti cha Kilwa kinalia Glasgow.

Swali? Ndiyo, kaka pale nyuma. Anauliza kwa nini kidole chake cha mwisho hakimtii kwenye berli. Kaka, hicho ni dhaifu kwa kila mtu, na kinapenda kwenda pamoja na jirani yake. Berli ni G ya chini mbili ndani ya A ya chini: kidole kinagonga tundu, kisha kinagonga tena kwa kuburuta kuelekea kwako. Kidole cha pete kisiinuke. Ukisikia G mbili zimeshikana, punguza mwendo mpaka A iliyo katikati isikike.