Gharama Isiyotoka Mfukoni

Hili nalisema kila ninapopewa kipaza sauti, mnivumilie. Mfanyabiashara wetu ukimuuliza gharama zake, anakutajia hela iliyotoka mfukoni. Basi. Ambayo haikutoka, kwake haipo.

Chukua kijana mwenye bodaboda yake mwenyewe. Usiku anaegesha, anapanga noti juu ya tangi: 25,000. Petroli imekula 8,000. "Leo nimepiga faida 17,000!" Namuuliza, na pikipiki je? "Mzee, si yangu? Nimlipe nani?" (Kicheko.) Mnacheka, lakini hapo ndipo tunapogombana. Kijiwe hichohicho, mwenzake anaendesha ya bosi na kila jioni anapeleka hesabu ya 10,000. Maana yake pikipiki ya huyu wetu ingemwingizia 10,000 hata akishinda amelala. Akiipanda mwenyewe, hiyo hela ameiacha. Jasho lake la tangu alfajiri, pamoja na vumbi na trafiki, ni 7,000! Ile 10,000 aliyoiacha, wachumi wanaiita gharama ya fursa. Wala si jambo la jana. Friedrich von Wieser wa Austria, aliyefariki mwaka 1926, alishalifafanua.

Najua mtaniambia: "Kazi nyingine iko wapi? Muda wangu nani anaununua?" Sawa, muda wako huenda hauna mteja. Pikipiki inaye! Msinichanganyie vitu viwili.

Tena ndani ya hiyo 10,000 umo uchakavu, msiutoe mara ya pili, maana hata ya bosi inachakaa. Umeinunua 3,000,000, itakufaa miaka mitatu: ni 1,000,000 kwa mwaka, kama 2,700 kila siku ya Mungu. Hakuna anayekuja kukudai jioni, kwa hiyo unaila. Siku injini ikigoma, unakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kali, halafu unasema biashara imeingiwa na mkosi. Mkosi gani? Umekula pikipiki kidogokidogo, na chipsi.

Mama lishe naye, binti yake anaosha vyombo kutwa halipwi, mchele wa nyumbani unaingia kwenye sufuria ya biashara, halafu sahani anaipangia bei kwa kumtazama jirani... Haya, mwenyekiti ameshatazama saa mara ya pili. Kodi ya fremu tuiache, na riba ndiyo kabisa.

Maswali. Wewe wa bajaji, teremsha mkono, jibu ni lilelile, ila hesabu ya bosi wako ni kubwa zaidi.