Kuchagua injekta kubwa za pikapu ya dizeli: pima hewa kabla ununue mafuta

Niaje watu wangu, karibuni tena garaji hapa Nakuru. Leo ni injekta, vile vifaa vinanyunyizia dizeli ndani ya injini, na leo ni zile kubwa za kuongezea pikapu nguvu, juu haipiti wiki kabla mtu aniulize fundi nikiweka injekta kubwa Hilux yangu itapanda mlima wa Timboroa na gunia za viazi bila kulia? Inaweza, lakini ukichagua vibaya itapanda ikimwaga moshi mweusi mpaka gari za nyuma ziwashe taa mchana, halafu siku moja pistoni inapasuka na hapo umeingia hasara ya injini mzima. Kwa hivyo twende polepole, na usitume pesa Grogan, kule Nairobi kwa maduka ya spea, kabla umalize hii video.

Kwanza fungua boneti ujue uko na injini gani. Kama ni Hilux ya zamani, 3L ama 5L, ama Isuzu TFR ya 4JA1, hiyo ni pampu ya kimekanika. Kama ni Hilux D-4D, yaani 2KD ama 1KD, ama D-Max ya 4JJ1, ama Navara D40 ya YD25, hiyo ni komon reli, yaani injekta zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, na kompyuta ndio inaamua kila tone. Hizo ni dunia mbili, ushauri wa moja usipeleke kwa ingine.

Tuanze na za zamani, juu huku ndio watu wanaliwa pesa sana. Sikiza vizuri: kwa hizi injini nozo, ile ncha ya injekta inayonyunyiza, haipimi mafuta, pampu ndio inapima. Pampu inasukuma kipimo chake, presha ikifika kiwango nozo inafunguka, mafuta inatoka, basi. Sasa ukiweka nozo ya matundu makubwa na pampu hujaigusa, mafuta ni ileile, tofauti ni inatoka haraka na presha iko chini, matone yanakuwa mazito, hayachomeki vizuri, unapata moshi na bomba la ekzosi limejaa masizi, nguvu huoni. Ukitaka mafuta zaidi ni pampu ifunguliwe na fundi wa pampu aliye na benchi ya kupimia, sio mtu wa kukaza ile skrubu ya nyuma kwa bisibisi barabarani akisikiliza na masikio. Na 3L na 5L hazitoki na tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi, kwa hivyo hata hiyo pampu ukiifungua sana hewa ya kuchoma hiyo mafuta utatoa wapi?

Kamera kuja hapa karibu. Hii ni nozo ya 4JA1, nimeiosha na dizeli safi, ona maandishi yamechorwa hapa kwa mwili wake, yanaanza na DLLA halafu namba. Hiyo namba inayofuata herufi ni pembe ya kunyunyiza kwa digrii. Watu hawaisomi kabisa! Wanaangalia tu kama inaingia kwa shimo. Pembe ikikosana na ile ya injini yako, mafuta inagonga mahali haifai, inaweza kupita bakuli la pistoni ikaosha oili kwa ukuta wa silinda, na ringi zinaisha mapema. Nozo za 3L na 5L huwa zinaanza na DN, hizo ni za pini moja, zinanyunyizia kwa chumba kidogo cha pembeni sio juu ya pistoni moja kwa moja, kwa hivyo usidanganywe zinabadilishana.

Sasa naiweka kwa hii pampu ya mkono ya kupimia. Ona sindano ya geji inavyopanda... na hapo karibu baa 180 imefunguka, hiyo ni sawa kwa 4JA1, za 3L huwa chini, karibu 150. Sikiza huo mlio wa kukwaruza, na uangalie ukungu, hakuna mstari wa maji maji, na ncha imebaki kavu. Ikibaki na tone linaning'inia hiyo nozo imekufa hata kama iko ndani ya karatasi yake. Zote nne zifunguke presha moja, na kama moja iko chini fundi anaongeza shimu, kile kipande chembamba cha chuma, ndani. Na tafadhali, mkono wako ukae mbali na hiyo ncha, mafuta ya presha hivi inapenya ngozi na inaingia ndani ya nyama, hiyo ni kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata kama unaona ni kialama kidogo tu. Kwa komon reli ni mbaya zaidi juu presha inapita baa 1,300. Ukitafuta mahali panavuja tumia kipande cha katoni, usipapase na kidole.

Haya, tuje komon reli, D-4D na wenzake. Hapa ukubwa wa injekta una maana, juu kompyuta inafungua injekta kwa muda fulani ikijua muda huo ni mafuta kiasi fulani. Ukiweka injekta ya kutoa mafuta asilimia 30 zaidi bila kuandika upya ramani ya kompyuta, yaani rimapu, inafungua muda uleule na mafuta inaingia zaidi ya vile inadhani, sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, inatetemeka, moshi, na mara ingine gari inajifungia nguvu taa ya injini ikiwaka. Kwa hivyo injekta na rimapu ni bajeti moja, ukiwa na pesa ya injekta peke yake ngoja kwanza.

Utanunua saizi gani sasa? Mimi maoni yangu kwa pikapu ya kazi iliyo na tabo yake ya kiwandani ni usipite asilimia 15 hivi juu ya standadi. Muuzaji atakuambia 50 kwa sababu ndio ina faida kwake. Fikiria mahali tunaendesha. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, presha ya hewa iko chini karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na ukifika Timboroa umepita mita 2,700, robo nzima ya hewa haiko. Kisumu iko kama 1,130. Ndio unasikia mtu wa Kisumu anasifu injekta zake kubwa hazitoi moshi, halafu akipanda huku na mzigo anashangaa. Injekta haikubadilika, hewa ndio imepungua. Tabo inasaidia kurudisha, lakini nayo iko na mwisho wake, na ikisukumwa sana inatoa hewa ya moto ambayo ni nyepesi, kwa hivyo kama gari haina intakuula ya kupoza hiyo hewa, hiyo pesa ya injekta peleka huko kwanza.

Tena weka geji ya joto la ekzosi kabla ya tabo. Watu wa dizeli wengi wanachukua digrii 700 kama mwisho wa kukaa ukivuta mzigo kwa muda mrefu. Bila hiyo geji hujui unachoma nini, geji ya maji itakuwa katikati tu na pistoni inapikwa.

Kwa kununua, usiulize bei kwanza, uliza karatasi ya tesiti. Karatasi iwe na kila injekta, imetoa mafuta kiasi gani kwa sailensa, katikati, na mzigo kamili, na imerudisha kiasi gani kwa ritani, ile njia ya kurudisha mafuta kwa tangi. Nne zinazofanana ni bora kuliko nne kubwa. Moja ikitoa zaidi ya wenzake hiyo silinda ndio inachomeka zaidi, na 1KD inajulikana kwa pistoni kupasuka injekta zikiharibika. Hakuna karatasi, rudi nyumbani na pesa yako.

Halafu kodi, namaanisha namba ya utambulisho ya injekta, sio ushuru. Hii injekta ya Denso ya D-4D, ona hapa juu ya kichwa, hizi herufi na namba ndogo ndogo. Hiyo ni kodi yake peke yake, inaambia kompyuta hii injekta inatofautiana vipi na zingine. Piga picha KABLA ya kufunga, halafu iingizwe na mashine, kila moja kwa silinda yake. Ukishawasha mwambie fundi akuonyeshe namba za marekebisho kwa sailensa, kwa D-4D zikikaa kati ya minasi 3 na plasi 3 uko sawa.

Kufunga: weka washa za kopa mpya kila mara, yaani zile pete za kuziba chini ya injekta, na safisha kiti mpaka kianze kung'aa. Kwa 1KD hii ni ya kufa na kupona, washa ikivuja gesi inapita inapika oili inakuwa lami nyeusi, lami inaziba chujio la oili chini kwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na injini inakosa oili. Kama gari yako imewahi kuvuja hapo, teremsha sampu uangalie hilo chujio siku hiyohiyo.

Filta ya dizeli mpya pia, ya maana, na maji yamwagwe chini yake mara kwa mara. Mafuta ya mtungi kando ya barabara achana nayo, serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa 2018 ili watu waache kuyachanganya na dizeli, na mafuta taa hailainishi injekta vile dizeli inafanya.

Siku ya kujaribu, pakia mzigo wako wa kawaida, toka hapa mpaka Salgaa, pandisha Mau Summit, endelea Timboroa. Jicho kwa geji ya ekzosi na kioo cha nyuma. Moshi kidogo ukikanyaga ghafla si neno, lakini ukivuta mlima sawasawa na bado ni mweusi, ama geji inapita 700, shusha gia, punguza mguu, na ukirudi mwambie mtu wa rimapu apunguze mafuta, asiongeze kitu.