Chaza, joto la maji na mvua za Mtwara

Wazee, shikamooni. Akina mama wa Mikindani, asanteni kwa kuja. Najua maji yakitoka kila mtu angependa kuwa kwenye mwani wake.

Mmeniuliza chaza wa kufugwa wanaugua virusi miezi gani. Kwanza tutenganishe, maana watu wanachanganya. Kuna virusi vinavyomuua chaza lakini mlaji havimdhuru. Na kuna vinavyomwacha chaza mzima kabisa, vikamlaza mlaji.

Vya kwanza, vya jamii ya herpesi, viliwatia hasara kubwa wafugaji wa Ufaransa mwaka 2008. Walikufa hasa chaza wachanga wa Pasifiki. Ikaonekana vifo vinaanza bahari ikivuka nyuzi 16. Kipindi cha baridi, kimya. Novemba 2010 virusi hivyo vikazuka Australia, Mto Georges, Sydney, na mapema 2016 Tasmania. Huko Januari ni kiangazi. Kwa hiyo msitazame mwezi, tazameni joto la maji.

Sasa, bahari yetu haishuki hadi nyuzi 16 hata kusi ivume vipi. Hatuna baridi ya kuvituliza. Ni kweli chaza wetu wa mikokoni na miambani si yule wa Pasifiki, ila hiyo si ruhusa ya mtu kuleta mbegu za chaza kutoka nje eti zinakua haraka. Hilo mimi nalipinga.

Vya pili ni norovirusi, na kwa hapa ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Chaza anachuja maji kutwa. Yakiwa na uchafu wa chooni, virusi vinakaa ndani yake wiki kadhaa. Ulaya msimu wake ni baridi: ndipo watu wengi wanatapika na kuharisha, na chaza naye anajisafisha polepole. Sisi tuangalie mvua, Desemba hadi Aprili. Vyoo vya shimo vikifurika, vyote vinateremkia ghubani. Kumweka chaza kwenye maji safi siku mbili kunapunguza bakteria, lakini norovirusi vinang'ang'ania. Na msimle akishafunguka tu motoni. Nyama ya ndani ifike nyuzi 90, ikae hapo sekunde 90. Mchemsheni vizuri, hata akikakamaa. (Najua, mama pale anatikisa kichwa; utamu unapungua kweli.)

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali pa vichanja vya kufugia chaza, nionyesheni kwanza maji ya mvua ya mwaka jana yaliingilia wapi baharini.