Corolla 110 Haliwaki: Lisikilize Kabla Hujaenda Kununua Spea

Dogo, piga starta. Basi, acha.

Mmesikia? "Tak" moja, halafu kimya. Watoto wameshakaa siti ya nyuma na mabegi yao, wewe umeshavaa, na gari limegoma. Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo nina Toyota Corolla 110, injini ya 5A-FE, gari ambalo Dar es Salaam hukosi kuliona ukisimama barabarani dakika tano. Nitakayoonyesha yanafaa pia kwa Corolla 100 na Carina TI zenye injini za ukoo huu, zile za distribyuta, yaani kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Kama lako ni la VVT-i, injini za baadaye zisizo na distribyuta, sehemu ya mwanzo inakuhusu; huko mbele usinifuate.

Vifaa ni vichache. Spana namba 10, brashi ya waya au msasa, plaizi yenye mpini wa plastiki, kipande kifupi cha waya, plagi moja nzima ya akiba, na multimita, yaani kipimo cha umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa. Vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, au nyutro kama ni gari la kukanyaga klachi. Sigara kaa nayo mbali.

Sasa swali la kwanza, na usiguse kitu kabla hujalijibu: injini inazunguka au haizunguki? Watu wanampigia fundi simu wanasema "gari haliwaki", basi. Fundi naye anakuja na betri mkononi. Lakini injini isiyozunguka ina ugonjwa wake, na injini inayozunguka bila kushika ina ugonjwa mwingine kabisa. Ukivichanganya utanunua spea mpaka uchoke.

Hili letu halizunguki. Twende nalo.

Washa taa kubwa. Dogo, simama mbele uziangalie, mimi napiga starta. Taa zikififia sana na ukasikia "tatatata" ya haraka haraka, betri imeishiwa. Zikizimika kabisa, kisha zikarudi ukiachia funguo, mara nyingi ni kichwa cha betri kimelegea. Zikibaki zinawaka vizuri na ukasikia "tak" moja, umeme upo lakini hauvuki kwenye starta, ile wengine mnaiita selfu. Na kama husikii hata hiyo "tak", jaribu kwanza kupeleka gia kwenye N upige tena. Swichi ya gia kwenye magari ya otomatiki huchoka, na likiwaka kwenye N wakati kwenye P limegoma, umeshaokoa hela ya starta.

Zetu hazijafifia sana. Hata hivyo tupime betri, maana macho hudanganya. Multimita iweke kwenye volti za DC, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Sogeza kamera... 12.5. Betri iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 usiitegemee. Sasa piga starta huku naangalia. Ikishuka chini ya 9.6 wakati starta inavuta, betri hiyo hata ukiichaji itakuangusha tena. Yetu imeshuka mpaka 11.9 tu. Betri haina kosa.

Kama yako ndiyo iliyoishiwa na una jirani mwenye waya za kubusti, mpangilio ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiipeleke kwenye betri iliyokufa, ibane kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayolipuka, na cheche hutokea pale unapounganisha ncha ya mwisho. Gari la klachi unaweza kulisukuma na kuliachia kwenye gia ya pili. La otomatiki hata msukume watu kumi mtatoka jasho bure.

Vichwa vya betri sasa. Huu unga wa kijani na mweupe unaouona hapa unazuia umeme. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi mpaka uone madini yanang'aa, kausha, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kichwa kikizungushika kwa mkono, bado hujakaza.

Halafu kuna waya ambao karibu kila mtu anausahau, mimi nikiwa wa kwanza. Ni ule wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Niliwahi kununua starta ya mtumba, nikalala chini ya gari juani asubuhi nzima kuifunga, nikapiga: tak. Ile ile. Ulikuwa waya wa hasi umeoza ndani ya ganda lake, kwa nje mzima kabisa. Kwa hiyo pima. Nyeusi ya multimita kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, dogo apige starta. Ikipita nusu volti, waya huo una tatizo. Hapa nasoma 0.1. Uko sawa.

Imebaki starta yenyewe. Fuata waya mnene kutoka chanya ya betri. Unapoishia ndipo ilipo. Ukiigonga polepole kwa mpini wa spana huku mwenzako anapiga, wakati mwingine itazunguka. Hiyo ni dawa ya kukufikisha gereji, usiishi nayo. Nafungua hasi ya betri kwanza, halafu naitoa. Hii sehemu naiharakisha kwenye video.

Haya, angalieni humu. Hizi starta za Denso zinazokuja na Toyota zina kasoro inayojulikana. Nyuma ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya starta, ukifungua kifuniko cha skrubu tatu, kuna vipande viwili vya shaba. Plunja, kile chuma kinachovutwa na sumaku, ikivutwa inavigusa vyote kwa pamoja, umeme unapita, mota inazunguka. Kila unapowasha gari shaba inaliwa kidogo. Hiki cha upande wa betri kimeliwa mpaka kimekuwa kama kijiko, plunja haikigusi tena. Ile "tak" ni plunja inafika mwisho na kukuta hakuna kitu. Ndiyo maana gari la namna hii hugoma mara tano, la sita likawaka, mwenye gari akadhani limejirekebisha. Muulize muuza spea shaba za solenoidi kabla hujakubali kuuziwa starta nzima. Nimebadilisha zote mbili, nimerudisha kila kitu. Dogo?

Mnasikia inavyozunguka? Lakini haijawaka. Ni mimi. Kuna kitu nimechomoa makusudi nikiwa chini, na dogo hajui ni nini. Tutakitafuta pamoja, maana sasa tumeingia kwenye ule ugonjwa wa pili: injini inazunguka, haishiki.

Kwanza mafuta. Usicheke. Geji za magari haya zina umri wa mtu mwenye watoto, na sisi tuna tabia ya kuweka ya elfu tano kila siku. Pampu iko ndani ya tanki na inapozwa na hayo hayo mafuta. Ukiiendesha na tanki tupu kila siku inaungua mapema. Lipo kwenye kilima? Lisogeze tambarare kwanza, ujaribu tena.

Pili, alamu. Kama gari lilifungwa alamu mtaani, fundi alikata waya wa starta au wa pampu akapitisha kwenye rilei, yaani swichi ndogo ya umeme, iliyofichwa chini ya dashibodi. Rilei hiyo ikifa, gari zima linakufa nayo, na hakuna kitabu chochote cha Toyota kitakachokuonyesha ilipo. Hili halina.

Moto wa plagi. Chomoa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, plagi ya gari iache kwenye tundu lake ili mvuke wa mafuta usitoke. Shika kwa plaizi yenye plastiki, chuma cha plagi kiguse injini. Piga. Unataka cheche ya buluu inayolia "ta, ta, ta". Hapa... hakuna kitu.

Wakati wa masika hapa ndipo pa kuanzia. Fungua kifuniko cha distribyuta, lakini weka alama kwenye waya kwanza, mpangilio ni 1-3-4-2 na ukiuchanganya utaongeza ugonjwa. Ndani tafuta unyevu, ufa, au mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Mstari huo ni njia ambayo moto unatorokea. Unyevu unafutika kwa kitambaa. Ufa na mstari ni kununua kifuniko kingine. Kikiwa wazi hivyo hivyo, mwambie mwenzako apige starta uangalie rota, kile kipande cha katikati. Isipozunguka, mkanda wa taimingi umekatika. Kwenye 5A-FE usilie sana, vali hazigongani na pistoni. Unafunga mkanda mpya unaendelea. Yetu inazunguka.

Sasa pampu. Magari haya usitegemee kuisikia unapofungua swichi tu. Huanza starta inapozunguka. Tafuta kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti, funguo ON, unganisha matundu ya Fp na +B kwa kipande cha waya. Weka sikio kwenye mdomo wa tanki. Ingekuwa nzima ungesikia inavuma. Hapa kimya.

Hapo ndipo wengi wanakimbilia Kariakoo kununua pampu na koili ya moto wa plagi kwa mkupuo. Tulia. Vitu viwili visivyohusiana havifi usiku mmoja. Moto hakuna na mafuta hakuna, basi tafuta kinachovilisha vyote viwili. Dogo, zima, halafu fungua funguo ON bila kupiga. Soma dashibodi. Taa ya mafuta ya injini ipo, ya betri ipo. Ya chek injini?

Haipo. Hiyo taa inatakiwa kuwaka kila unapofungua ON, kabla hujawasha. Isipowaka, na balbu ni nzima, kompyuta ya injini haina umeme, na kompyuta isipokuwa na umeme haitoi moto wala haiamrishi pampu. Tungeangalia hapo mwanzo tusingechafua mikono. Ingewaka, tungeunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku kile kile, tukahesabu inavyokonyeza: mara moja, kituo, mara mbili, hiyo ni kodi 12, yaani namba ya kosa, hiyo na 13 zinasema kompyuta haioni mzunguko wa injini, chunguza sensa iliyo ndani ya distribyuta. Kodi 14 ni upande wa igniti, kifaa kinachoiamrisha koili itoe moto.

Fungua sanduku la fyuzi chini ya boneti. Tundu lililoandikwa EFI, fyuzi ya ampea 15... tupu. Imo mfukoni mwangu. Kama yako imeungua, weka nyingine ya 15, usiweke ya 30 wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ikiungua tena, kuna waya unagusa bodi mahali. Ukilazimisha utaunguza gari.

Narudisha. Dogo, ON. Taa imekuja? Piga.

Hiyo hapo. Sasa multimita kwenye betri injini ikinguruma: 14.1, alteneta inachaji. Ingekuwa chini ya 13 kesho asubuhi tungerudi hapa hapa. Zima, dogo, humo tankini mna ya elfu tano tu.